Gundi ya Othmani

Othmani hakuweza kupita kando ya baiskeli bila kuibinya tairi. Hakujali ni ya nani. Akitoka msikitini Ijumaa alizibinya zote zilizoegemezwa ukutani, ya mbele kwanza kisha ya nyuma, kama mama anayechagua parachichi sokoni. Kwenye matanga nilimwona akiwapa wafiwa mkono wa kulia huku wa kushoto uko kwenye tairi ya mgeni asiyemjua. Watoto wa mtaa wetu wa Yoba walimwigiza. Wenye baiskeli walicheka au walinuna. Yeye alisema tu, "Hii iko na njaa," maana yake haina upepo wa kutosha, akaenda zake.

Amefariki mwaka huu kule Muyinga, nyumbani kwa dada yake Zaituni. Hapa Gitega wengi bado wanamkumbuka kwa kosa ambalo si lake. Nilikuwepo siku ile, nikaona, na kwa muda mrefu nilinyamaza kwa sababu mwenyewe alitaka ninyamaze. Sasa sababu ya kunyamaza imekwisha.

Baba yake alikuwa fundi cherehani, na Othmani naye alishona kanzu na sare za shule ujana wake wote. Tairi zilimwingia kwa njia ya sindano. Mzungu mmoja aliyefundisha useremala kwenye misheni ya Mutoyi alikuwa na baiskeli ya mashindano, nyembamba kama mbuzi wa kiangazi, na tairi zake zilikuwa zile za kushonwa ambazo mafundi wetu huziita bwayo. Mpira wa ndani umefungiwa kabisa katika kitambaa, mshono umeuzunguka, na tairi nzima inabandikwa juu ya rimu kwa gundi. Hakuna kingine kinachoishika. Ikitoboka, fundi wa kawaida anaitazama tu. Mzungu alizunguka Gitega akimtafuta fundi wa baiskeli, mwishowe akaingia kwa mshonaji.

Othmani aliufumua mshono, akaupitisha mpira majini mpaka mapovu yalipoonyesha tundu, akaliziba, akanyunyiza poda ya watoto ili mpira usishikane na kitambaa, kisha akashona tena akipitisha uzi katika matundu yaleyale ya zamani. Ukitoboa tundu jipya, alinieleza miaka mingi baadaye, umejiletea mwiba wako mwenyewe. Mzungu alipoondoka Burundi alimwachia baiskeli ile, na cherehani ikageuka kuwa meza ya kuwekea pampu.

Crispin alimjia akiwa mchukuzi wa ndizi. Alizitoa Bukirasazi, mikungu imefungwa kila upande mpaka baiskeli haionekani, akazileta soko la Gitega. Mama yake, Martha, alikulia kambini Tanzania akarudi na mume, mtoto huyo mmoja, na Kiswahili cha Kigoma. Mume hakukaa sana duniani. Siku moja Crispin alikuwa anarudi mtupu, miguuni kandambili, akawapita kwenye kilima vijana wa klabu waliovaa nguo za kubana. Othmani alikuwa mlangoni.

"We kijana! Kuja hapa!" alimwita, akaishusha baiskeli ya Mutoyi ukutani. "Panda hii, tuone kama ni miguu yako ao ni ndizi zilikuwa zinakusukuma."

Ilikuwa miguu. Kuanzia hapo Crispin akawa mtu wa klabu, na Othmani akawa fundi wake, mlezi wake na mkali wake. Alimfundisha kuifuta tairi kwa kiganja kila arudipo, gurudumu likizunguka polepole, kwa sababu kipande cha chupa hakitoboi siku unapokikanyaga. Hujificha, kikazama kidogo kidogo, kikakutoboa kesho yake ukiwa mbali na nyumbani. Alimwonyesha vile visimbi, vipande vya waya wa chuma vinavyobaki barabarani malori yanapopasua matairi, vyembamba kama unywele, ambavyo jicho halivioni ila ukucha unavihisi. Siku ya mvua alimpunguzia upepo ili tairi ishike lami. Hakuacha baiskeli juani hata kwa muda wa kunywa chai. Na alimkataza mafuta: petroli isiguse mpira, oili ya pikipiki isiguse mpira, dizeli ya kusafishia mnyororo isidondoke. Siagi hakuitaja. Nani angeitaja?

Martha alikuja mara moja kuona mahali mwanawe anaposhinda. Alikaa kwenye kigoda, mikono juu ya magoti, akatazama ile tairi nyembamba kwa woga usiofichika.

"Mzee Othmani, hiki kidude ndicho kinachombeba mwanangu kwenye miteremko?"

"Njo hiki."

"Na kinashikwa na nini?"

Othmani alikipeleka kidole chake pale tairi inapokutana na rimu. "Gundi. Inashika hapa tu. Roho ya mtoto wako iko hapa, mama Crispin. Hapa pakiachia, mi na we tutaonana kwa kaburi."

Alikuwa anajisifu kidogo, kama fundi yeyote anayejua kazi yake. Martha alipagusa pale kwa ncha ya kidole, akarudisha mkono mapajani.

Mwaka ule mashindano ya Gitega hadi Muyinga yalikuwa na uzito usio wa kawaida, kwa sababu watu wa timu ya taifa walikuja kuchagua vijana wa kupeleka kambini. Elikana, mkuu wa klabu, alikuwa amewaambia waziwazi: atakayekuwa mbele Muyinga ataondoka nao, atakayebaki nyuma arudi kwenye ndizi zake. Siku chache kabla, Crispin aliokota kisimbi cha chuma mazoezini, na Othmani akaifumua tairi ya mbele, akaishona, akaibandika upya. Gundi haikupata muda mrefu wa kukauka, lakini aliisukuma kwa gumba pande zote na haikujongea. Aliridhika. Crispin akaichukua baiskeli kwenda kulala nayo kwa shangazi yake hapohapo Yoba, na Martha akaja kutoka Bukirasazi kumuaga mwanawe.

Asubuhi ilikuwa na ukungu na manyunyu. Nami nilikuwa na safari yangu ya Muyinga siku hiyo: ilikuwa siku ya kuganduka, kumaliza matanga ya mama yangu, na nilikuwa nimetunza petroli garini, esansi kama tunavyoiita, tangu foleni za kituoni zilipoanza kuwa ndefu kuliko siku. Nilisimamisha gari karibu na kibanda cha chai cha Nassoro, nikingoja waendeshaji waondoke nipate barabara. Othmani alipenya kwenye umati, akaibinya tairi ya mbele ya Crispin, akaibinya ya nyuma, akampiga mgongoni. Bendera ikashuka. Wakapotea katika ukungu kwa mlio ule wa minyororo mingi, kama mvua inayokuja juu ya bati.

Tuliingia kwa Nassoro. Othmani alipokea andazi, akalipeleka mdomoni, akasimama. Akanusa vidole vyake. Akanusa tena.

"Nassoro, unapikia nini haya maandazi?"

"Alizeti, mzee, kama siku zote. Kwani leo imekuwa tamu?"

"Inanuka ng'ombe."

"Basi kula, upate maziwa bila kulipa!" Watu wakacheka.

Othmani hakucheka. Alinusa mkono wa kushoto, ambao haukuwa na harufu, akanusa tena wa kulia. Nilimwona uso wake ukibadilika polepole, kama mtu anayesikia jina lake likiitwa mbali. Aliliacha andazi mezani akatoka. Martha alikuwa bado amesimama kando ya barabara, anatazama upande walikokwenda waendeshaji.

"Mama Crispin. Umegusa baiskeli ya mtoto?"

Martha alitabasamu, haya kidogo usoni. "Nimeibariki, mzee."

Kwetu kitu kinachothaminiwa hupakwa siagi ya ng'ombe, ile inayotikiswa katika kibuyu. Bibi harusi hupakwa. Ngozi ya kumbebea mtoto mgongoni hupakwa ili isikauke ikapasuka. Mama yake Martha aliipaka ngozi ya namna hiyo kila juma, hata kambini, kila alipopata siagi, na Martha alituambia asubuhi ile kwamba ndiyo sababu haikupasuka hata siku walipokimbia. Kwake mpira ulikuwa ngozi, na ngozi yenye kubeba mtoto haiachwi kavu.

"Ulipaka wapi?" Othmani aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya chini sana.

"Kote. Alipokuwa anaoga. Chuma nilikifuta baadaye kwa kitambaa, kisiteleze kwenye breki. Lakini zaidi nilipaka pale uliponionyesha. Pale penye roho."

"Ndani?"

"Niliisukuma kwa ukucha mpaka ikaingia."

"Ya mbele ao ya nyuma?"

"Ya mbele ilipata nyingi. Kufika ya nyuma kikopo kilikuwa karibu kuisha." Ndipo alipomtazama vizuri. "Mzee? Nimefanya nini?"

Othmani aligeuka kwangu. "Mwalimu, gari yako iko na esansi?"

Tuliondoka watatu, yeye mbele kando yangu, Martha nyuma kati ya kreti za vinywaji na kitenge cheupe nilichokuwa nikipeleka kwa dada zangu. Othmani alimpigia simu Elikana, aliyekuwa kwenye pikapu inayowafuata waendeshaji wa mbele. Ililia mpaka ikakata. Akapiga tena. Kisha mtandao ukapotea vilimani.

Alinieleza bila kunitazama, macho yakiwa mbele kwenye manyunyu. Mradi kijana anapanda, hakuna hatari. Gurudumu linazunguka taratibu, rimu ni baridi, siagi imeganda pale ilipo. Lakini baada ya kilele kuna mteremko mrefu wa kwenda daraja la Ruvubu, wenye kona zinazogeuka ghafla. Atashika breki. Rimu itapata moto. Siagi itayeyuka, itaingia chini ya gundi ambayo bado mbichi, na katika kona ya kwanza ya kulala upande, tairi itajiviringisha na kutoka.

"Na akianguka pale?" aliuliza Martha.

Othmani alijaribu simu tena. Kando ya kona zile kuna bonde.

"Mzee Othmani, na akianguka pale?"

"We Martha, omba Mungu wako, mi niombe wangu. Usiniulize."

Tulifika mahali polisi alipokuwa ameweka pikipiki yake katikati ya barabara. Nyuma ya mashindano hakupiti gari, alisema. Tungoje.

"Tungoje nini, afande, mtoto iko anaenda kufa!" Othmani alitoa kichwa dirishani.

"Mtoto gani?"

"Wa mbele!"

"Wa mbele anaenda kushinda, mzee, hafi. Rudisha kichwa ndani."

Polisi alikuwa anacheka. Nilimwona Othmani akishika mpini wa mlango, nikajua akishuka itakuwa ugomvi na tutakaa pale mpaka mwisho. Nikashusha kioo changu nikamwambia polisi kwamba nakwenda kuganduka Muyinga, mama yangu, ndugu wanangoja. Ilikuwa kweli yote. Alichungulia nyuma, akaona kitenge cheupe na kreti, akamwona Martha akilia. Akavua kofia.

"Pole sana, mama," alimwambia Martha. "Piteni taratibu kando."

Hatukupita taratibu. Tulianza kuwakuta waendeshaji wa mwisho, mmoja mmoja, nyuso zimejaa tope. Kila tulipomkuta mmoja Othmani aliinama mbele kumtazama, kisha akasema, "Si yeye," na mimi nikaongeza mwendo. Barabara ilipanda katikati ya mikaratusi. Watu wa vilimani walikuwa wamejipanga kando na miavuli na majani ya migomba vichwani, wakitupigia kelele tuache njia. Martha alikuwa anasema jambo lilelile chini ya pumzi, si sala niliyoijua. Baadaye nilielewa kuwa lilikuwa jina la mwanawe la utotoni.

Karibu na kilele tuliwaona. Wanne wa mbele, Crispin wa pili, amesimama juu ya pedali, na nyuma yao pikapu ya Elikana. Nilipita kando ya pikapu. Elikana alitoa mkono akitupungia turudi.

"Mzee umekuwa kichaa? Nani amekupa ruhusa?"

"Msimamishe Crispin! Tairi ya mbele itatoka!"

"Uliibandika mwenyewe!"

"Msimamishe, Elikana!"

"Watu wa timu wako garini kwangu, wanamtazama! Nikimsimamisha hapa nimemmaliza. Kama tairi mbovu ataisikia mwenyewe, si mtoto."

Othmani alinigusa bega. Nikasogea mpaka tukawa sambamba na Crispin. Alikuwa anapumua kwa mdomo wazi, jasho na mvua vinamdondoka kidevuni.

"Crispin, simama! Simama, mwanangu!"

"Mzee, niache!"

"Tairi ya mbele!"

"Nimeikagua asubuhi, nzima! Niache, nakuomba, niache!" Akaangalia tena mbele. Alimwona mama yake dirishani na hakuelewa, au hakutaka kuelewa. Akaongeza nguvu.

Mikaratusi ilikuwa inaisha. Mbele yetu anga lilikuwa limefunguka kama linavyofunguka pale barabara inapoanza kushuka.

"Mpite," Othmani aliniambia. "Fika juu kabisa, weka gari kando, mbali na njia yao. Mi nitashuka."

Nilifanya hivyo. Gari halijasimama vizuri alikuwa ameshatoka. Alikimbia kama mtu wa umri wake anavyokimbia, kanzu ameikunja mkononi, akaenda kusimama upande wa kulia wa barabara, pale alipojua Crispin hupenda kupita, akanyoosha mikono yote miwili. Wa kwanza alimkwepa. Wa tatu na wa nne wakapita kushoto. Crispin alikuja moja kwa moja. Nilifumba macho. Nilisikia breki, nikasikia tusi, nikasikia Martha akiita jina lile la utotoni kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena kwa mtu.

Nilipofumbua, kijana alikuwa amesimama, mguu mmoja chini, rimu ya mbele karibu na goti la Othmani. Pikapu ya Elikana ilipita ikipiga honi, ikawafuata wale watatu mteremkoni.

"Umeniua," Crispin alisema. Hakuwa anapiga kelele tena. "Mzee, umeniua."

Othmani alipiga magoti juu ya lami. Alitoa upepo kidogo, akaweka gumba lake ubavuni mwa tairi ya mbele, akasukuma. Ilitoka kama ganda la ndizi iliyoiva sana. Hakutumia nguvu. Aliivuta mpaka ikatoka karibu nusu ya gurudumu, Crispin akitazama, na mara tu kijana alipoona inavyotoka, Othmani akavua kofia yake ya darizi akaifunika rimu pale palipokuwa panang'aa.

Nilidhani anaikinga na mvua.

Crispin alirudi nyuma hatua chache, akashika kichwa. Alikuwa ameutazama mteremko, kona ya kwanza na bonde lake, akaona kilichokuwa kinamngoja. Kisha woga ukageuka hasira, kama unavyogeuka kwa vijana.

"Gundi gani hii?"

"Gundi yangu," Othmani alisema.

Martha alikuwa ameshafika pale. "Mwanangu, sikiliza, si..."

"We Martha, nyamaza. Shika hili gurudumu." Alilichomoa, kofia ikiwa bado juu yake, akamkabidhi kwa namna ambayo mikono yake yote ikashughulika. "Gundi ilikuwa ya zamani, Crispin. Kopo lilikuwa limekaa. Nikasema itatosha. Mi njo nimekosea."

"Wewe?" Crispin alicheka, kicheko kibaya. "Unanikataza nisiache baiskeli juani hata nikanywe maji. Unanifanya nifute tairi kama mtoto mchanga. Na wewe unanibandikia gundi iliyooza, siku ya leo? Fundi! Fundi wa Gitega nzima!"

"Ego," Othmani alijibu kwa Kirundi. Ndiyo.

Martha alinitazama mimi. Othmani naye alinitazama, na katika macho yake hapakuwa na ombi, palikuwa na amri. Nikafunga mdomo. Crispin aling'oa namba mgongoni mwake, akaitupa topeni, akaenda kukaa peke yake kwenye jiwe mpaka lilipokuja gari linalowaokota walioshindwa. Alipanda bila kumuaga yeyote. Baiskeli aliiacha.

Tuliipakia juu ya gari langu tukashuka kuelekea Ruvubu polepole sana. Kwenye kona ya kwanza Martha alifumba macho. Tulipovuka daraja ndipo aliposema.

"Kwa nini, mzee?"

Othmani alikuwa anaifuta kofia yake siagi kwa kipande cha gazeti, haitoki. "We uko na mtoto mmoja," alisema. "Mi niko na wateja wengi."

Hawakubaki wengi. Gitega ni mji wa maneno. Jioni ileile ilijulikana kwamba Othmani alimpotezea kijana wa Bukirasazi nafasi yake kwa gundi mbovu, na kwamba alikiri mwenyewe kwa mdomo wake. Klabu ikatafuta fundi mwingine. Kwa Nassoro mtu akivunja kikombe, wengine walisema, "Kipeleke kwa Othmani, lakini beba gundi yako!" Yeye alicheka pamoja nao, akanywa chai yake. Niliwahi kumuuliza kama haimuumi. Alisema maneno ya watu ni upepo, na upepo yeye anaujua. Lakini niliona kwamba alianza kukaa ndani ya duka badala ya mlangoni.

Crispin hakwenda kambini mwaka ule wala uliofuata. Alirudi kwenye ndizi, akapita mbele ya duka mara nyingi na mikungu yake bila kugeuza shingo. Othmani alimtazama kutoka gizani. "Tairi yake ya nyuma iko laini," aliniambia siku moja. Hakutoka kumwambia.

Kifua ndicho kilichomchukua. Miaka mingi ya kuvuta harufu ya gundi katika chumba kisicho na dirisha, alisema daktari. Zaituni alikuja kumchukua akampeleka Muyinga, kwenye nyumba yao karibu na msikiti, na duka likawa la muuza simu.

Mwaka huu, Jumapili moja, Martha alisimama kanisani kwao Bukirasazi wakati wa ushuhuda. Alikuwa ameniomba nije, hakuniambia kwa nini. Crispin alikuwa kwenye benchi la mbele. Martha alisema yote: kikopo, ukucha, pale penye roho. Alisema, "Mwanangu, mkono uliokubeba ndio ulioipaka, na mtu mwingine ameubeba mzigo wangu." Watu hawakusema amina. Crispin alisimama, akatoka nje, na kupitia mlango nilimwona akisukuma baiskeli yake kuteremka kilimani. Alikaa mbali na nyumba ya mama yake majuma mengi. Baadaye alirudi, akamchotea maji bila kusema neno, na sasa wanaongea. Lakini hayo yalitokea Othmani akiwa ameshazikwa.

Mimi nilikwenda Muyinga siku chache baada ya ile Jumapili, nikifikiri ninampelekea furaha. Alikuwa amelala karibu na dirisha, blanketi mpaka kidevuni, mwembamba kiasi kwamba blanketi halikuonyesha mtu. Zaituni alinipa kiti akatuacha. Nikamsimulia. Alisikiliza akitazama dari, pumzi inakwaruza.

"Alisema mbele ya watu wote?"

"Wote, mzee. Jina lako limesafishwa."

"Na Crispin?"

"Alitoka nje."

"Akarudi?"

"Sijui. Niliondoka hajarudi."

Aligeuza uso ukutani. Nilidhani amelala, nikaanza kukusanya mkoba wangu. Ndipo aliposema, bila kugeuka:

"Angeacha tu, mwalimu. Sasa mtoto atamtazama vipi mama yake? Mi nilikuwa nimeshazoea."